MTEJA AKIULIZA "ITAINGIA?" USIKIMBILIE KUSEMA NDIYO: Ninavyouza spea za kopi za magari ya zamani

Leo naomba niandike kirefu kidogo, maana inboksi yangu imejaa swali moja: "Kaka, hizo spea za magari ya kizamani zinatoka kweli? Na mbona wewe hulalamiki kurudishiwa mzigo kama sisi?"

Zinatoka. Na mzigo narudishiwa, ila mara chache. Sababu yake ndiyo nataka kuieleza, hata kama wewe unauza kava za simu au mapazia.

Mimi nauza mapambo ya magari ya zamani, hasa Volkswagen Beetle. Siuzi injini wala gia boksi. Nauza ile mistari ya kung'aa inayopita ubavuni mwa gari, ambayo mafundi wengi wanaiita moldingi, nauza raba za vioo na milango, bampa, vitasa, na fremu za taa. Karibu vyote ni kopi, yaani vimetengenezwa upya kwa kuiga kile cha kiwandani.

Sasa sikia. Kopi mpya haikutoka kwenye mashine iliyotengeneza gari. Inaweza kupishana na ya zamani kwa milimita moja au mbili. Na gari lenyewe lina miaka hamsini na kitu, limegongwa, limenyooshwa, limepigwa puti, limepakwa rangi mara tatu. Huenda mlango wake wa kushoto ulitoka kwenye gari lingine. Kwa hiyo kitu ambacho hakijanyooka sana kinakutana na kitu kilichopinda kidogo. Hapo ndipo mteja anakuuliza, "Itaingia?"

Jibu la kweli ni "itaingia, lakini." Biashara yangu yote imekaa kwenye maneno yanayofuata hiyo "lakini".

Kwanza nikueleze kwa nini hivi vitu vipo sokoni mpaka leo. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Kufikia hapo zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 21. Afrika Kusini walizitengeneza mpaka 1979, Brazil wakaacha, wakarudia tena miaka ya tisini. Gari lililosambaa hivyo haliwezi kukosa watu wa kulitengenezea spea. Na huku kwetu lina heshima yake. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za Safari Rally akiwa na Beetle, akiwaacha nyuma wenye magari makubwa. Wazee wanaokumbuka mbio zile wapo, na watoto wao wamerithi magari. Hao ndio wateja wangu, pamoja na wanaokodisha gari kwa ajili ya harusi na wenye hoteli wanaotaka kitu cha kupigia picha pale getini. (Wenye Land Rover za zamani ni wagumu kununua mapambo. Gari lenyewe halina cha kung'aa, na wao wanajivunia hivyo hivyo.)

Twende kwenye maneno ya posti, maana hapa ndipo wengi wanapoanza kujichimbia shimo.

Sokoni kuna vitu vinne, na mteja ana haki ya kujua ananunua kipi. Kuna orijino ya zamani ambayo haijawahi kufungwa, imekaa stoo miaka na miaka. Hiyo ni adimu na bei yake haishikiki. Kuna mtumba uliovuliwa kwenye gari lingine. Kuna kopi. Na kuna bandia. Kopi na bandia si kitu kimoja. Kopi inasema yenyewe kwamba ni kopi: boksi lina jina la aliyeitengeneza, haina nembo ya kampuni ya gari. Bandia ni ile iliyobandikwa nembo na boksi la kampuni ya gari ili uamini imetoka kwao. Hiyo ya pili usiiguse hata kama faida yake inakutoa udenda. Hapa Tanzania Tume ya Ushindani, FCC, inakamata bidhaa za namna hiyo kwa Sheria ya Alama za Bidhaa, na mzigo ukikamatwa huna wa kumlilia.

Mimi naandika kwenye posti, juu kabisa kabla hata ya bei: "KOPI MPYA." Kuna rafiki yangu anauza viatu, aliniambia nafukuza wateja kwa neno hilo. Nikamwambia anayekimbia neno "kopi" kwenye posti angekimbia mzigo ukishafika, na hapo nauli ya kwenda na kurudi ningekuwa nimeilipa mimi.

Baada ya jina la kitu unakuja mwaka wa gari. Huu mwaka una ujanja wake. Ukimuuliza mteja, atakusomea kadi ya gari. Kadi mara nyingi inakwambia gari lilisajiliwa lini, na wewe unataka kujua lilitengenezwa lini. Halafu Volkswagen walikuwa wanaanza modeli ya mwaka mpya mwezi Agosti wa mwaka uliotangulia. Gari lililotoka kiwandani Septemba 1964 ni modeli ya 1965. Utasema tofauti ndogo. Kwenye modeli ya 1965 vioo vyote viliongezwa ukubwa! Raba ya kioo ya 1964 ukiipeleka kwenye gari hilo, hata mvute watu sita haifiki. Modeli ya 1967 mistari ya ubavuni ikawa myembamba zaidi. Modeli ya 1968 bampa zikabadilika kabisa, zikawa za kona kona na zikapanda juu, na boneti ikawa fupi. Ile 1303 iliyokuja na modeli ya 1973 kioo chake cha mbele kimebinuka, kwa hiyo raba yake ni ya kwake peke yake.

Ndiyo maana siulizi mwaka. Naomba picha ya namba ya chesisi. Kwenye Beetle ukinyanyua kiti cha nyuma utaiona imegongwa pale katikati, kwenye ule mgongo wa sakafu. Kuanzia modeli ya 1965 tarakimu ya tatu ndiyo inayokupa mwaka wa modeli: ikianza 115 ni 1965, ikianza 118 ni 1968. Dakika moja umemaliza ubishi.

Ila hata hapo usilale. Bodi ya Beetle imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, inanyanyuliwa yote ikabaki chesisi na magurudumu. Kwa hiyo kuna magari mtaani yana sakafu ya mwaka huu na bodi ya mwaka mwingine, na mwenye gari hana habari. Namba naomba, na picha za bampa, vioo na ubavu naomba pia.

Huu hapa ujumbe ninaowatumia wote. Unaweza kuunakili ukabadilisha uendane na bidhaa yako:

"Shikamoo/Habari. Asante kwa kuuliza. Kabla hujalipa naomba picha nne: (1) namba ya chesisi chini ya kiti cha nyuma, (2) ubavu mzima wa gari, (3) mahali hasa spea itakapokaa, kwa karibu, (4) spea ya zamani kama bado ipo. Na niambie: gari limeshapakwa rangi au bado? Spea hii ni kopi, itahitaji fundi na kurekebishwa kidogo."

Swali la rangi wateja wengi wanalishangaa. Wacha nikupe mfano wa mzee mmoja wa Morogoro.

Alinipigia simu anataka seti ya moldingi ya Beetle, modeli ya 1966. Seti ni vipande saba: kimoja cha boneti, viwili vya mbele ubavuni, viwili vya milango, viwili vya nyuma. Gari lilikuwa la kaka yake marehemu, na binti wa huyo marehemu alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili. Alitaka bibi harusi apande gari la baba yake. Hela alikuwa nayo tayari mkononi, anataka atume pale pale.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Hela kaa nayo kwanza, nitumie picha."

Picha zikaja. Gari jeupe, rangi mpya inang'aa kama sahani. Na ubavu laini kabisa, hakuna tundu hata moja. Mistari ile haibandikwi kwa gundi. Inashikwa na klipu, na kila klipu inaingia kwenye tundu lake kwenye bati. Fundi wa bodi alikuta mistari ya zamani imeshang'olewa, akaona matundu, akaona ni uharibifu, akayaziba.

Nikampigia. "Mzee, matundu yamezibwa. Mzigo ukifika leo hautakuwa na pa kukaa."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kijana wangu, si utume tu, tutabandika na gundi?"

Wenzangu wengi hapo wangetuma. Hela ipo, mteja mwenyewe kasema tuma, na ni mtu mzima. Lakini mstari ule kwa nyuma ni mtupu, umekunjwa kama mfereji, gundi inashika kingo mbili nyembamba tu. Ungeanza kudondoka kabla bibi harusi hajafika ukumbini, na jina ambalo lingetajwa kwenye meza za harusi ni langu.

Nikaomba namba ya fundi wake. Tukaongea kwa video. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: matundu aliyaziba kwa kuchomelea au kwa puti? Akasema puti. Nafuu kubwa hiyo, maana puti inapenya na kutokeza ndani. Nikamwambia avue paneli za ndani za milango na zile za nyuma pembeni, amulike na tochi. Akaona vidonge vya puti vimejipanga mstari mmoja, kila kimoja pale tundu lilipokuwa. Hakuhitaji kupima chochote, kiwanda kilishapima.

Kilichobaki ni kutoboa bila kuumiza rangi. Ukitoboa kutoka ndani kwenda nje, ncha ya drili inapotokea inabeba rangi. Kwa hiyo akabandika tepu ya karatasi nje, akasukuma sindano nene kutoka ndani mpaka ikaacha alama kwenye tepu, halafu akatoboa kutoka nje kwa drili nyembamba, akapanua taratibu. Kila tundu akalipaka praima kwa brashi ndogo, akasubiri likauke, maana bati tupu pale ndipo kutu inapoanzia. Alipomaliza ndipo mzee akalipia, ndipo mimi nikatuma.

Kufunga kwenyewe kuna mambo mawili ambayo huwa nayarudia mpaka nawachosha watu. Klipu iende na kiraba chake, kinachoziba tundu maji yasiingie ndani ya mlango. Mafundi wanavitupa wakidhani ni takataka za boksi. La pili, mstari unapachikwa kwa kuning'iniza ukingo wa juu kwenye klipu zote, halafu unabonyeza ukingo wa chini kwa kiganja, klipu moja baada ya nyingine, kuanzia upande mmoja. Usianze huku na huku ukaja kukutana katikati. Usigonge kwa nyundo hata kama umeifunga kitambaa. Mistari hii ni aluminiamu, ikikunjika mara moja lile kunyanzi halitoki tena, ukilinyoosha unabaki na kovu. Kipande cha mlango kimoja hakiuzwi peke yake, unanunua seti nzima upya. Hilo nalisema kabla ya malipo, kwa sauti, ili mtu asije akasema hakuambiwa.

Vipande sita vilikaa vizuri. Cha saba, cha mlango wa kulia, kilizidi kidogo kwa mbele, mlango ukifunguliwa ncha inagusa. Hiyo ndiyo "lakini" niliyokuwa nasema. Fundi alikivua, akakisaga ncha kwa tupa laini, akakirudisha. Nusu saa. Mteja aliyeambiwa mapema kwamba kopi inasagwa anaona ni kazi ya kawaida. Asiyeambiwa anakuita tapeli.

Raba za vioo nazo zina yake. Ziko za aina mbili, yenye mfereji wa kuwekea mstari wa kung'aa na isiyo na mfereji. Kwenye picha za simu zinafanana kama mapacha. Ukiuza, piga picha ya raba ilivyo kwa kukatiza, mteja aone mfereji. Na angalia kona. Raba nzuri kona yake imefinyangwa kwenye umbo, ile ya bei rahisi ni ukanda ulionyooka uliounganishwa, ukifika kwenye kona unajikunja na maji yanapita hapo.

Mafundi wengi wanafunga kioo kwanza, halafu wanahangaika kuingiza mstari wa chuma kwenye raba kwa bisibisi. Hapo ndipo mstari unapokunjika na raba inapochanika. Raba inavalishwa kwenye kioo kikiwa mezani juu ya blanketi, mstari unaingizwa hapo hapo mezani, kisha unazungusha kamba nyembamba kwenye mfereji wa nje ambao utashika bati. Paka maji yenye sabuni ya vyombo. Mtu mmoja nje anasukuma kioo kwa viganja, mwenzake ndani anavuta kamba kidogo kidogo, na raba inapanda yenyewe juu ya bati. Jua la Dar kwa mara moja linasaidia: iache raba juani kwanza ilainike.

Raba ya mlango, hii naomba uishike. Kopi mpya huwa nene kuliko ya zamani iliyokandamizwa miaka arobaini. Siku ya kwanza mlango hautafunga bila kubamizwa. Mteja atakupigia usiku amekasirika. Mwambie kabla: mlango utakuwa mgumu siku kadhaa mpaka raba ikae, na fundi anaweza kusogeza nje kidogo kile chuma cha kwenye nguzo kinachoshikana na kitasa. Mimi tangu nianze kuweka karatasi yenye maneno hayo ndani ya kifurushi, hizo simu za usiku zimepungua sana.

Bampa sina mengi. Kopi nyingi bati lake ni jembamba na kromu yake ni nyepesi, kwa hiyo kwa mteja wa Tanga, Mombasa au Zanzibar ninamwambia apake nta nje na rangi ya kuzuia kutu kwa ndani kabla haijafungwa, maana chumvi ya bahari haina huruma. Bolti zote ziingizwe kwa vidole kwanza, bampa isawazishwe kwa macho, ndipo zikazwe.

Kuna wanaokuja na sumaku kupima, wakiona imenasa wanasema "hii si stenilesi, ni feki." Sumaku haitoshi. Aluminiamu hainasi, lakini zipo stenilesi zinazonasa na zisizonasa, na ile inayonasa hutumika sana kwenye mapambo ya magari. Mweleze mteja kwa upole, usimfanye mjinga mbele ya fundi wake.

Sasa kurudisha mzigo. Sharti langu ni hili: jaribishia kwenye gari kabla ya kupaka rangi na kabla ya kukaza kitu chochote. Shikilia kwa tepu ya karatasi, simama mbali, piga picha, nitumie. Kama haikai na haijakunjwa wala kusagwa, nairudisha na nauli tunagawana. Ikishasagwa au kukunjwa ni yako. Na mteja asiyetaka kujaribisha simlazimishi, ila nampa masharti kwa maandishi anijibu "nimeelewa". Hiyo "nimeelewa" imeniokoa kwa kampuni moja ya kukodisha magari iliyofunga moldingi kwa nyundo halafu ikataka hela yote. Niliwatumia ujumbe wao wenyewe, mazungumzo yakaisha.

La mwisho ni kufunga mzigo, maana moldingi haiogopi fundi tu, inaogopa buti la basi. Usiitume kwenye boksi la karatasi. Nanunua ubao mwembamba uliozidi kidogo urefu wa kipande, nalaza mistari juu yake na karatasi kati ya kipande na kipande, nafunika na ubao wa pili, nafunga kwa tepu kila baada ya futi moja. Klipu na viraba naviweka kwenye kimfuko na nakifunga kwenye ubao huo huo, nimevihesabu mbele ya kamera ya simu. Gharama ya mbao iko ndani ya bei, siitozi pembeni. Kondakta akiona ubao anautupa chini ya mizigo bila wasiwasi, na unafika umenyooka.

Ya mzee wa Morogoro ilifika siku tisa kabla ya harusi. Alinitumia picha bibi harusi akiwa ameegemea mlango wa kulia, ule uliosagwa. Ukiangalia sana unaona ncha ni fupi kuliko ya kushoto. Picha hiyo ndiyo ninayoitumia kwenye tangazo mpaka leo, kwa ruhusa yao, na chini nimeandika kwamba kipande kile kilisagwa. Imeniletea wateja kuliko zote.

Maswali yaacheni hapo chini. Jioni nafunga mzigo wa Mwanza, nikimaliza nitajibu mmoja mmoja.